Vilemba Vilivyogeuka Kinyume

Kwetu Alby, kitongoji cha Stockholm, asubuhi haikuanza kwa chai. Ilianza kwa baba kusimama kwenye korido na kuita, "Njoo ushike." Hapo hata kama uko bafuni na povu la dawa ya meno mdomoni, unatoka. Kilemba cha Kalasinga wa Kisumu ni kitambaa cha mita tano na zaidi, kimetiwa wanga, na mtu mmoja hawezi kukikunja ipasavyo. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, mnavutana, mnakunja kwa urefu, mnavutana tena, mpaka kitambaa kinabaki na upana wa kiganja. Korido yetu ilikuwa fupi kwa hatua mbili, kwa hiyo mimi nilishikia jikoni, mgongo wangu ukigusa friji.

Mtu akiwa peke yake hufunga ncha kwenye kitasa cha mlango. Baba aliidharau sana njia hiyo. Alisema ni ya mtu asiye na watu.

Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi tu. Wazee wa gurdwara, hekalu letu, walimwonea huruma kwa hilo, naye aliwatazama kama watu wanaomwonea mtu huruma kwa kukosa kikohozi. Nilianza kushika ncha nikiwa na miaka saba, huko Kisumu, na tulipohamia Stockholm mwaka 2001, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kazi yangu ilihama nasi pamoja na masufuria.

Sheria ilikuwa moja: kilemba hufungwa mlango ukiwa umefungwa. Kabla kitambaa hakijapanda, baba alikuwa kichwa wazi, nywele zake ndefu amezifunga fundo utosini, na katika hali hiyo hakuruhusu mtu amwone. Mgeni akija mapema alisubiri kwenye ngazi. Hata mama alijiondokea sebuleni bila kuambiwa. Niliyebaki ni mimi, kwa sababu nilishika ncha. Nilijivunia jambo hilo kuliko alama zangu za shule, na alama zangu hazikuwa mbaya hata kidogo.

Nyumbani tulikuwa na lugha tatu, kila moja na kazi yake. Kipunjabi kilikuwa cha sala, chakula na kugombana. Kiswidi kilikuwa cha shule, cha barua za serikali, na cha mimi kumjibia mama nikiwa nimenuna. Kiswahili kilikuwa cha kazi ya mikono. Baba alijifunza kuunda bodi za malori kwenye gereji moja Kisumu, na fundi aliyemfunza, Mluo mmoja mkali, alimfunza kwa Kiswahili. Basi kitu chochote cha kuvuta, kukaza, kupinda au kugonga, baba alikifikiria kwa Kiswahili. Stockholm alitengeneza mabasi, na akiyatukana aliyatukana kwa Kiswahili pia. Korido ile ilikuwa ya Kiswahili tupu. "Vuta. Usilegeze. Sasa kunja, kulia. Kulia, we mtoto, mkono wa ugali."

Mwaka 2009 nilikuwa nasomea uuguzi chuoni Flemingsberg. Huo ulikuwa mpango wa wazazi na mimi sikuwa na ugomvi nao: kwanza cheti, kisha bwana, kisha wajukuu, kwa mpangilio huo. Wakati huo binamu yangu wa Birmingham akaniandikia. Baba yake alikata nywele zamani na kuacha vilemba, kijana mwenyewe sasa alitaka kuanza, na alitaka kile cha Kisumu, cha mikunjo saba, chenye ncha iliyochongoka mbele. Je, ningeweza kumwonyesha?

Ningeweza. Nilikuwa nimeshajifunga mara nyingi chumbani kwangu, kwa kucheza tu, na vitambaa vya baba vilivyochakaa. Nikaweka laptopu juu ya kabati, nikafunga kilemba kichwani mwangu mwenyewe, nikaeleza hatua kwa hatua. Nilianza kwa Kipunjabi nikakwama kabla ya mkunjo wa pili, maana sikuwa na neno la kukaza wala la kulaza wala la kuchomeka. Nikarudi kwenye Kiswahili, maneno yakaja yenyewe, pamoja na ukali wa baba. Video ilikuwa nzito, barua pepe ikaikataa. Nikaipandisha kwenye mtandao, kwenye ukurasa wa wazi, nikamtumia binamu anwani, nikaenda zangu kulala.

Baada ya wiki mbili nilikuwa maarufu. Sijui nisemeje vingine. Watu wa Nakuru, Mwanza na Bujumbura walikuwa wanamtazama msichana wa Kihindi akijikaripia kwa Kiswahili cha gereji. Mmoja aliandika kwamba huyu amekunywa maji ya ziwa, haponi tena. Mwingine aliuliza kama nimeolewa, na wa tatu akamjibu akamwulize kwanza huyo fundi aliyemfunza, lazima ni mzee mwenye nyundo. Nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka mama mmoja wa Kiswidi akahama kiti. Kisha, kwa kuwa sifa ni tamu na mimi si mtawa, nikatengeneza ya pili.

Ya pili ilihusu wanga. Kisumu tulitumia wanga wa mhogo. Hapa mama alikuwa amegundua unga wa viazi, ule ambao kila jiko la Uswidi linao kwa ajili ya kuzitia uzito supu za matunda. Unaukoroga kwa maji baridi, unaumimina kwenye maji ya moto, unakoroga mpaka unang'aa, kisha kitambaa kinazama humo. Wakati wa baridi tuliwahi kuanika kimoja kwenye roshani, tukakikuta kimegeuka ubao. Siku hizo tulikausha kwenye kabati la joto la chumba cha kufulia cha jengo, na jirani asiyejitaja alikuwa akitubandikia karatasi za hasira mlangoni: nani anaacha gundi humu ndani?

Mama alinigundua kwa harufu. Alirudi kutoka kazini siku ya Jumanne, akanusa, akasema, "Wanga hupikwa Jumamosi." Nikamwonyesha video. Aliitazama mkono mdomoni, kisha akasema nimekoroga vibaya, yatabaki madonge, nisogee. Video ya tatu mikono inayokoroga ni ya mama. "Mikono tu," alisema. "Nywele sijachana. Na baba yako akijua, mimi nilikuwa kazini."

Hapo nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena kwa aina ile. Pale Alby, kinyozi mmoja, Mkongo, alitoka nje na mkasi mkononi kunisalimia, "Bonjour, mwalimu wa kilemba." Hospitalini Flemingsberg, nilipokuwa kwenye mafunzo ya wodini, muuguzi msaidizi mmoja wa Kirundi alinishika mkono. "Ni wewe. Hebu sema kaza." Nikasema kaza. Alicheka mpaka akashikilia kitanda, na mgonjwa aliyelala humo, mzee wa Kiswidi, akataka naye afundishwe neno hilo. Wiki nzima alimwamuru kila aliyemfunga bandeji akaze.

Baba tu ndiye hakujua. Hakugusa kompyuta. Na mimi kila asubuhi nilishika ncha yangu, mgongo kwenye friji, nikimtazama mzee wa watu machoni. Nilijua vizuri kabisa ninachofanya. Nilijiambia kichwa kinachoonekana kule ni changu, si chake.

Jumapili moja alirudi kutoka gurdwara amekunja uso. Mezani akasema, "Leo nimeona vijana wawili wageni. Kilemba cha Kisumu kabisa, mikunjo saba, kila kitu. Lakini vimegeuka kinyume. Cha kulia kiko kushoto."

Mama akainama kutafuta kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Labda wanatumia mkono wa kushoto," nikasema.

"Wote wawili?"

Kesho yake nilijifungia kwenye chumba kidogo cha maktaba ya chuo, nikazitazama video zangu upya, nikaona. Nilikuwa nimekaa nimeikabili kamera. Mkono wangu wa kulia, kwa anayenitazama, unaangukia upande wake wa kushoto. Kwa mdomo nilikuwa nimesema kulia na kushoto kila mara, tena kwa sauti. Lakini walioelewa neno kulia hawakuwa na kilemba cha kufunga. Walikuwa Waswahili waliokuja kuburudika. Wenye vilemba walikuwa vijana wa Birmingham na Göteborg na sijui wapi, Kiswahili hawakijui hata cha kuombea maji, na walichofanya ni kuweka kompyuta pembeni ya kioo na kunifuata kwa macho. Nilikuwa nimevipindua vichwa vya watoto wa watu.

Nikanyamaza. Hilo nalikiri. Kilemba kinyume bado ni kilemba, nilijiambia, nikaenda kula.

Ndipo mama akanipangia wageni. Mama mmoja mjane wa Göteborg, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa na mtoto wa kiume, mhandisi, na walitaka kuja kutuona. Kila mtu alijua kuona huko maana yake nini. Mama alikaanga sambusa za kulisha kikosi. Nikapewa sinia ya chai na amri ya kutoingia mpaka niitwe.

Nilisikia mlango ukifunguliwa. Nikachungulia. Kijana alikuwa mrefu, masikio makubwa, uso mwema, na kichwani ana kilemba cha buluu chenye mikunjo saba, kinyume chote. Baba alimtazama kama alivyoyatazama magari ya Uswidi siku ya kwanza, yakija upande wa kulia wa barabara. Alimkaribisha, akamketisha, hakumwondolea macho.

"Kijana," akamwuliza kwa Kipunjabi, "kilemba hicho amekufunza nani?"

"Kwenye mtandao, anko. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Kuna dada mmoja anafundisha kwa Kiswahili, mimi sikijui, lakini anaonyesha vizuri sana."

Mama, ambaye wasiwasi ukimpata masikio huziba, aliniita wakati huohuo. Nikaingia na sinia. Kijana akainua macho, uso ukamchanua kama mtu aliyeokota pochi yake iliyopotea. "Ndiye huyu."

Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Tulikuwa ghorofa ya sita, ningemwangukia jirani wa Kifini, lakini hata hivyo.

"Kwani hamkujua?" mama yake akashangaa. "Mimi nimemfuata huyuhuyu wa vilemba, mwanangu tu ndiye sikumwambia."

Baba alimaliza chai yake. Aliwahimiza wageni kula, aliuliza habari za Nairobi, aliwasindikiza mpaka kwenye lifti. Aliporudi alivuta kiti mbele ya laptopu. "Nionyeshe."

Alitazama zote tisa. Ilipofika ile ya mikono, mama akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baada ya ya mwisho baba akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi nilidhani mle koridoni tuko wawili."

Angepiga kelele ningejitetea. Nilikuwa nimejiandaa na hoja zangu zote za chuo kikuu.

Asubuhi iliyofuata sikuitwa. Nilitoka bafuni na mswaki mdomoni, nikamkuta amefunga ncha kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, anavuta peke yake. Hakuniangalia. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alinijibu salamu, aliniuliza masomo, alinipitishia chumvi, na kila asubuhi kile kitasa kilichukua nafasi yangu. Nililia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa. Umaarufu wangu wote niliuona takataka. Kama mtu angenijia wakati ule na kusema chagua, hawa maelfu au ile ncha, nisingemaliza kumsikiliza.

Siku ya nne nilimngoja koridoni. "Baba, nisamehe. Nazifuta zote leo."

Alikuwa anavaa viatu. "Wangapi wameziona?"

Nikamtajia. Akaniambia nirudie. Nikarudia, naye akaketi juu ya kabati la viatu, kiatu kimoja mguuni.

"Vichwa vyote hivyo?"

"Si wote wanaofunga, baba. Wengi ni Waswahili tu, wanacheka."

"Nusu?"

"Hata robo haifiki."

"Hata wakiwa kumi." Alikitazama kiatu. "Lori likitoka gereji na breki zimefungwa kinyume, unafanyaje? Unachoma karatasi, useme hukuliona? Unaliita lirudi. Ukifuta, wao watabaki na makosa yao, na mimi nitayatazama kila Jumapili mpaka nife. Kamera uliiweka wapi?"

"Mbele yangu."

"Ndiyo hapo ulipoharibu. Mwanafunzi humfunzi ukiwa umemkabili. Unasimama naye upande mmoja, mnalitazama lori pamoja, kulia kwako ni kulia kwake. Mimi wataniona kwa mgongo."

"Watakuona wewe?"

"Wewe makosa yako ulishafanya," akasema, akifunga kamba. "Sasa niachie nami nifanye yangu."

Yule kijana wa Göteborg ndiye wa kwanza kuitwa arudi. Baba alimpigia simu mwenyewe, akamwambia aje arekebishwe. Alikuja na treni, na mwezi uliofuata akaja tena, na mwingine, akikaa na baba saa nzima, mkunjo kwa mkunjo. Kwa wanaotaka kujua, hatukuoana. Kufikia safari ya pili sote watatu, mimi na yeye na mama, tulikuwa tumeelewa kwamba alichokosa yule kijana hakikuwa mke. Alipooa, miaka michache baadaye, msichana wa Malmö, aliyemfunga kilemba cha bwana harusi ni baba, na machozi yaliyomtoka aliyasingizia vitunguu, ingawa jikoni hakuingia siku ile.

Video tulipiga Jumamosi asubuhi. Nilipanga vitabu vyangu vya anatomia juu ya ubao wa kupigia pasi, laptopu ikakaa juu yake. Mama safari hii alikuwa amechana nywele, akapita nyuma na sinia tupu mara tatu mpaka baba akamwomba achague kuingia au kutoka. Baba akaketi kwenye kigoda, mgongo kwa kamera. Mimi nikasimama mbele yake, kwenye friji yangu, nimeikabili kamera na yeye pia. Nikabonyeza, nikarudi mahali pangu, naye akakivua kilemba alichokuwa amekivaa.

Fundo la nywele lilikuwa jeupe, dogo kuliko nilivyozoea kulifikiria. Shingo ilikuwa na mikunjo ya uzee. Nikaona huruma, nikaona na hofu.

"Baba," nikanong'ona, "hii sehemu nitaikata. Nitaanzia pale ukishafunika."

"Usikate. Wao wataanzia wapi?"

Kisha akapaza sauti, ile ya gereji, bila kugeuka. "Vijana, hamjambo. Mimi ndiye baba. Mliofunga kinyume, fungueni, tunaanza upya. Mafundisho yalikuwa sawa, kamera ndiyo ilikaa vibaya. Huyo mnayemwona kule mbele ndiye mwalimu. Mwenye swali amwulize yeye. Mimi hapa nimeleta kichwa tu." Akaninyooshea ncha. "Vuta."

Nilivuta. Nadhani nilivuta zaidi ya ilivyohitajika.

Niliipandisha vile vile, nikaongeza tafsiri chini kwa Kipunjabi, Kiingereza na Kiswidi. Ilitazamwa kuliko zangu zote tisa, na tangu siku hiyo kila mtu alikuwa anamtaka mzee. Waliandika kwamba ni mkali, kwamba sauti yake inawakumbusha walimu wao wakuu, kwamba kwa mgongo ule tu wanaogopa. Sikuwasahihisha. Wao walikuwa nyuma yake. Mimi niliyekuwa mbele niliuona uso wake, na tangu aliposema lile neno mwalimu mpaka mkunjo wa saba, baba yangu alikuwa anatabasamu mpaka ndevu zinapanda.